Akiba Iliyofungwa Ndani ya Punje: Fosforasi, Kimeng'enya na Miguu ya Vifaranga Wetu



Ilikuwa nusu ya Shaaban tulipopokea vifaranga 200 wa kuku wa nyama, wenye umri wa siku moja, ndani ya makasha mawili ya karatasi. Sisi ni kina mama wa mtaa mmoja, na fedha tulizonunulia vifaranga hao zilikuwa za chama chetu. Miongoni mwa fedha hizo mlikuwa na akiba ya mwenzetu mmoja mjane, aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya karo ya wanawe. Hesabu yetu ilikuwa nyepesi: kuku wa nyama hufikia uzito wa kuchinjwa kwa wiki tano au sita, na kwa hivyo wangekuwa tayari katika kumi la mwisho la Ramadhani, wakati kila nyumba inatafuta kuku wa Idd.

Chakula ndicho kinachomeza sehemu kubwa ya gharama za kuku wa nyama, na sisi tuliamua kukichanganya wenyewe. Tulikuwa na mahindi yaliyosagwa, mashudu ya soya, dagaa, chokaa, mchanganyiko wa vitamini na madini, na unga mweupe ambao wafugaji wengi huuita kwa herufi zake tu, DCP. Dagaa walipopanda bei, tukawaacha, tukaongeza soya. Kisha mwuzaji mmoja akatueleza kwamba amepata dawa mpya, kimeng'enya kinachofungua fosforasi iliyomo ndani ya nafaka, na kwamba mwenye kukitumia hana haja tena ya DCP. Tukakinunua kifuko kimoja, DCP nayo tukaiacha.

Siku za mwanzo za Ramadhani, vifaranga walipotimiza wiki tatu, tukaona wengine wamekaa kitako. Walikuwa na hamu ya kula, macho yao maangavu, lakini wakiinuka hutetemeka, hupiga hatua mbili tatu, kisha huketi tena. Jirani akatushauri tuongeze chokaa, kwani mifupa ni chokaa. Tukaponda magamba ya chaza tukawamwagia kwa ukarimu. Baada ya siku nne, waliokuwa wameketi 12 wakawa 40.

Afisa wa mifugo alipokuja hakutazama kuku kwanza. Alisema, "Mama zangu, nionyesheni mnachowalisha." Makala haya ni matunda ya mafunzo tuliyoyapata siku ile na baadaye, na tumeona si haki kuyaficha.

Akiba ya mbegu

Fosforasi ni madini yanayoshirikiana na kalsiamu kujenga mfupa. Mtu husikia kalsiamu ikisifiwa kila siku, lakini mfupa wenye kalsiamu bila fosforasi ni kama ukuta wa mawe usio na udongo wa kuyashika. Kifaranga wa kuku wa nyama huongezeka uzito kwa kasi ambayo mifugo michache huifikia. Kwa hiyo mifupa yake ikikosa fosforasi kwa wiki mbili tu, hubaki laini, na mwili unaoendelea kunenepa huilemea.

Mahindi na soya vina fosforasi, na si haba. Lakini takriban theluthi mbili ya fosforasi iliyomo ndani ya nafaka na mashudu imefungwa ndani ya kitu kiitwacho faiteti. Faiteti si sumu, wala si kasoro katika uumbaji. Ni ghala. Mwenyezi Mungu ameijaalia mbegu iweke fosforasi yake humo, ili siku itakapoangukia udongo wenye maji, mche mchanga upate cha kuanzia maisha kabla haujawa na mizizi ya kujitafutia. Mbegu ikilowa, yenyewe hutengeneza kimeng'enya cha kulifungua ghala hilo. Kimeng'enya hicho huitwa faitezi.

Ng'ombe na mbuzi hawana shida na ghala hili. Ndani ya tumbo lao kubwa mna vijidudu visivyohesabika vinavyotengeneza faitezi, na chakula hukaa humo muda mrefu wa kutosha. Kuku hana tumbo la namna hiyo. Chakula hupita kwenye gole, kikasagwa katika firigisi na kuteremka utumboni kwa saa chache tu, na mwili wake hutengeneza faitezi kidogo mno. Hivyo kuku anaweza kula fosforasi nyingi akafa njaa ya fosforasi. Ile iliyofungwa hutoka pamoja na kinyesi kama ilivyoingia.

Hasara haiishii hapo. Faiteti ina mikono mingi, na kila mkono hushika madini mengine: kalsiamu, zinki, chuma, hata sehemu ya protini. Inapotoka, hutoka na vyote ilivyovishika.

Ufunguo ulivyopatikana

Mwaka 1907 wanasayansi wa Kijapani walikitambua kimeng'enya hiki ndani ya pumba za mpunga, pumba zile zile ambazo sisi huwatupia bata na kuku. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, watafiti wa Marekani walikitoa katika kuvu wa jamii ya Aspergillus, wakakitia katika chakula cha vifaranga, na wakaona mifupa ya vifaranga hao ikijengeka kwa fosforasi iliyokuwa imefungwa katika nafaka. Lakini kukitengeneza kulikuwa ghali, na DCP ilikuwa rahisi. Ugunduzi ukakaa kabatini kwa takriban miaka 20.

Kilichoutoa kabatini ni maji machafu. Uholanzi ni nchi ndogo yenye mifugo mingi, na fosforasi ya mbolea ya mifugo ilikuwa ikiteremka kwenye mifereji na maziwa. Serikali ilipoanza kuwabana wafugaji, kimeng'enya hiki kikapata soko, na mwaka 1991 kikaanza kuuzwa huko kama bidhaa ya kiwandani. Mwaka 1998 jimbo la Maryland nchini Marekani, lenye mabanda mengi ya kuku karibu na ghuba ya Chesapeake, lilipitisha sheria ya kulinda maji iliyotaka chakula cha kuku kitiwe faitezi kufikia mwisho wa mwaka 2000. Tangu Januari 2001, Umoja wa Ulaya nao ulipopiga marufuku unga wa nyama na mifupa katika chakula cha mifugo kwa sababu ya kichaa cha ng'ombe, viwanda vilipoteza chanzo kingine cha fosforasi, na faitezi ikazidi kuhitajika. Leo imo katika vyakula vingi vya kuku vya viwandani ulimwenguni.

Basi mwuzaji wetu hakusema uongo kuhusu kimeng'enya. Alichokosea ni kipimo cha kazi yake.

Makosa yetu matatu

Afisa alituketisha chini ya mwembe akachukua kalamu. Kilo moja ya chakula chetu cha mahindi na soya, alisema, ina gramu 4 hivi za fosforasi, na katika hizo kifaranga anaweza kuifikia gramu 1 na kitu tu. Naye katika wiki zake za kwanza anahitaji gramu 4 na nusu hivi za fosforasi inayopatikana katika kila kilo. Pengo ni gramu 3 au zaidi. Kipimo cha kawaida cha faitezi, ambacho ni yuniti 500 kwa kila kilo ya chakula, hufungua takriban gramu 1 au kuzidi kidogo. Kwa hiyo kimeng'enya kinaziba theluthi moja ya pengo, au zaidi kidogo. Sehemu iliyobaki lazima itoke kwenye DCP au kwenye dagaa. Sisi tulikuwa tumeviondoa vyote viwili. Hilo lilikuwa kosa la kwanza.

Kosa la pili lilikuwa joto. Kimeng'enya ni protini, na protini huharibika kwa joto kama ute wa yai unavyoganda kikaangoni. Kifuko chetu tulikuwa tumekitundika chini ya paa la mabati, mahali ambapo mchana mtu hawezi kukaa, na hewa yetu ya pwani ina unyevu mwaka mzima. Joto na unyevu vikikutana, nguvu ya faitezi hupungua wiki baada ya wiki. Yamkini hata ile gramu moja hatukuipata.

Kosa la tatu ndilo lililotuuma zaidi, kwa sababu tulilifanya kwa huruma: magamba ya chaza. Kuku wa nyama mchanga anahitaji kalsiamu ya gramu 9 au 10 kwa kila kilo ya chakula. Kuku wa mayai ndiye anayehitaji karibu mara nne ya kiasi hicho, kwa ajili ya kutengeneza maganda. Kalsiamu ikizidi utumboni mwa kifaranga, hung'ang'aniana na faiteti na kuwa kitu kigumu ambacho hata kimeng'enya hakikifungui, na pia hupunguza ukali wa asidi ambayo faitezi huihitaji ili ifanye kazi vyema katika gole na firigisi. Kwa kila kiganja cha magamba tulichomwaga, tulikuwa tunaongeza kufuli juu ya kufuli.

Afisa alitukumbusha pia kwamba si kila kifaranga anayeketi amekosa fosforasi. Ukosefu wa vitamini D huleta hali hiyo hiyo, na maradhi kama kideri huweza kupooza miguu. Kwa hiyo anayeona kuku wake wameketi asikimbilie kuchanganya dawa. Amwite mtaalamu kwanza.

Kukitumia ipasavyo

Kwa wenzetu wanaochanganya chakula nyumbani, haya ndiyo tunayoyafuata sasa.

Kwanza, kimeng'enya hupunguza DCP, hakiiondoi. DCP huwa na fosforasi ya asilimia 18 hivi. Gramu 1 ya fosforasi iliyofunguliwa na kimeng'enya, basi, ni sawa na gramu 5 na nusu za DCP katika kila kilo ya chakula, yaani zaidi kidogo ya nusu kilo katika kila kilo 100. Hapo ndipo penye faida, na hapazidi hapo. Chokaa nayo ipunguzwe kidogo sambamba na DCP, wala isiongezwe.

Pili, someni nguvu iliyoandikwa kwenye kifuko. Kama gramu 1 ina yuniti 5,000, basi kilo 100 za chakula zinahitaji gramu 10 tu. Kiasi kidogo namna hiyo hakiwezi kutupwa juu ya rundo na kukorogwa kwa koleo. Kichanganyeni na kilo 1 ya unga wa mahindi hadi kienee, kisha na kilo 5, kisha na 20, ndipo muingize katika chakula chote. Vinginevyo kuku mmoja atapata cha 20 na 20 watakosa.

Tatu, nunueni kifuko kidogo, tazameni tarehe yake, mkihifadhi mahali pakavu penye kivuli. Msikoroge chakula chenye kimeng'enya kwa maji yanayochemka. Viwanda vinavyotengeneza chakula cha vidonge kwa mvuke hutumia faitezi iliyofunikwa isiungue, au huinyunyizia baada ya vidonge kupoa. Cha kopo la kawaida hakina kinga hiyo.

Nne, msiwape vifaranga wa nyama chakula cha kuku wa mayai kwa sababu tu ndicho kilichopo. Wala mtu asijaribu kutumia mbolea ya shamba ya fosfeti badala ya DCP. Mawe ghafi ya fosfeti, kama yale yanayochimbwa Minjingu kaskazini mwa Tanzania, yana madini ya florini yanayodhuru mifupa na meno ya wanyama yasiposafishwa.

Na asiyetaka taabu hii anunue chakula kilichokwisha tengenezwa, chenye alama ya ubora na maelezo kamili. Hakuna aibu katika hilo.

Je, ni halali?

Swali hili liliulizwa na mama mmoja kabla hata hatujauliza bei, na lilikuwa swali la haki. Faitezi inayouzwa hutengenezwa na kuvu, hamira au bakteria wanaokuzwa katika mitungi mikubwa ya kiwandani, kisha hukaushwa na kuchanganywa na unga au chumvi. Haitoki katika kiungo cha mnyama. Hata hivyo bidhaa hutofautiana kwa vitu vinavyofunikia au kubebea kimeng'enya, na mnunuzi ana haki ya kuuliza na kuonyeshwa.

Linalopasa kutushughulisha zaidi ni unga wa mifupa. Wengi wetu huununua sokoni kwa kilo kama chanzo rahisi cha fosforasi, bila kujua ni mifupa ya mnyama gani, wala aliyechinjwa vipi. Nchi yetu ina machinjio ya nguruwe pia. Masheikh wetu wamelifafanua suala la mnyama anayelishwa najisi, na hukumu yake tunaiachia elimu yao. Sisi tunasema tu kwamba mwenye shaka ana njia ya kuepuka shaka: DCP iliyotengenezwa kwa mawe ya fosfeti, dagaa, na kimeng'enya cha kuvu vinatosha kujenga mfupa wa kuku bila ya unga usiojulikana asili yake. DCP nayo si zote zinazotoka katika mawe, kwa hiyo ulizeni.

Kinyesi na kisima

Jambo la mwisho la bandani ni lile lililowafikisha Waholanzi kwenye sheria. Fosforasi ambayo kuku hakuimeng'enya haipotei. Humo ndani ya maranda yaliyochanganyika na kinyesi, ambayo wengi wetu huyamwaga nyuma ya ua. Mvua ya masika ikija, huteremka nayo hadi mtoni na kwenye hori. Fosforasi ikizidi majini, mwani hustawi kupita kiasi, na unapokufa na kuoza hula hewa ambayo samaki wanaihitaji. Chakula kilichopimwa vyema pamoja na faitezi hupunguza fosforasi ya kinyesi kwa robo hadi theluthi.

Hata hivyo, mbolea ya kuku ibaki mbali na visima na isianikwe kwenye mteremko wa maji. Ifunikwe, ioze vizuri, kisha ipelekwe kwenye mihogo, michicha na minazi, ambako fosforasi ile itafanya kazi iliyoumbiwa. Jirani ana haki juu ya maji yake kama alivyo na haki juu ya mlango wake.

Kutoka bandani hadi jikoni

Tulipokuwa tukijifunza haya, mmoja wetu aliuliza: je, sisi wenyewe si tunakula nafaka zile zile? Ndiyo, na utumbo wa mwanadamu hauna faitezi nyingi kuliko wa kuku. Mwaka 1961 daktari Ananda Prasad na wenzake walichapisha habari za vijana wa Shiraz, Iran, waliodumaa kwa urefu na kuchelewa kubaleghe. Chakula chao kikubwa kilikuwa mkate wa ngano isiyokobolewa, usiotiwa hamira, na nyama walikuwa wakiipata kwa nadra. Utafiti uliofuata, huko na Misri, ulionyesha upungufu wa zinki, na faiteti ya mkate ule ilitajwa miongoni mwa sababu. Unga usioumuliwa hubaki na faiteti yake nzima.

Hapa ndipo tulipowakumbuka bibi zetu. Maharagwe, kunde na mbaazi zililowekwa tangu usiku na maji yake kumwagwa. Pojo ziliachwa hadi zichipue. Uji wa mtama uliachwa uchachuke, na unga wa mkate uliumuliwa kwa hamira kabla ya kufika motoni. Walikuwa wakiiamsha faitezi ya mbegu na ya uchachu, nao hawakuijua kwa jina. Kupika peke yake hakuondoi faiteti nyingi. Kulowesha, kuchipusha na kuchachusha ndiko kunakoipunguza.

Kwa mama mjamzito na msichana anayekua, ambao upungufu wa damu huwanyemelea, hili si dogo. Loweka kunde zako tangu usiku, kamulia ndimu juu ya pojo mezani, kwani ukali wake husaidia chuma kuingia mwilini, na chai ya rangi isogezwe mbali na mlo. Hakuna kati ya haya linalohitaji fedha.

Mwisho wa hesabu

Tulirudisha DCP siku ile ile, tukaondoa magamba, tukapima chokaa kwa mizani. Vifaranga waliokuwa wameanza tu kutetemeka walisimama ndani ya wiki moja. Waliokwisha pinda miguu hawakunyooka, na 31 tuliwapoteza. Waliobaki tuliwauza mkesha wa Idd, wengine wakiwa na uzito pungufu, na kila mnunuzi tulimweleza.

Tulipoketi kugawa kilichopatikana, hapakuwa na faida. Tulikubaliana kwamba akiba ya mjane irudi kamili kwanza, na hasara ibebwe na sisi wengine kwa usawa, kwa kuwa sisi ndio tuliomshawishi. Alikataa, tukamsisitiza, akapokea akilia. Shule zilipofunguliwa watoto wake walikuwa darasani.

Kundi la pili la vifaranga lilisimama kwa miguu yake, alhamdulillah, na kimeng'enya kimo katika chakula chao, kwa kipimo chake. Katika banda sasa tumetundika karatasi moja yenye orodha ya vitu na uzito wake, na hakuna anayeruhusiwa kuongeza wala kupunguza kwa kukisia. Elimu nusu ilitugharimu kuku 31. Tumeona ni bora iwagharimu wasomaji wetu dakika chache za kusoma.

Wabillahi tawfiq.